Majengo ya Kilwa na Ardhi Iliyoyazaa

Ndugu msomaji, sisi wa Ipelele, huku juu milimani, twajenga kwa udongo wetu. Twafyatua matofali, twayachoma, nyumba inasimama. Je, watu wa pwani, ambao ardhi yao ni mchanga na mwamba, walijengaje miji mikubwa zamani?

Tutazame Kilwa, katika Mkoa wa Lindi. Ardhi ya Kilwa Kisiwani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, ambayo zamani yalikuwa chini ya bahari. Mahali pengi udongo ni haba, na jembe hugonga jiwe upesi. Lakini jiwe hilo hilo linalomchosha mkulima lilikuwa mali kwa mwashi.

Kuta zilijengwa kwa mawe hayo. Kwa ajili ya nakshi na mihrabu, mafundi walikata matumbawe mabichi baharini. Hayo huchongeka yakiwa na maji, kisha hukauka na kuwa magumu. Mengine yalichomwa juu ya lundo la magogo, yakawa chokaa. Dari za nyumba zilibebwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba vikawa vyembamba, upana wa meta tatu hivi au chini yake.

Ndivyo ulivyojengwa Msikiti Mkuu, ulioanza katika karne ya 11 na kupanuliwa katika karne ya 14 kwa matao na kuba. Karibu na wakati huo likajengwa jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu mji.

Wareno waliuteka mji mwaka 1505. Lakini adui asiyechoka ni maji. Mvua huilegeza chokaa, mizizi ya miti hupasua kuta, na mahali mikoko ilipokatwa mawimbi hula ufuko. Hata Gereza, ile ngome iliyo kando ya bahari, imekwisha poteza sehemu yake.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini. Kazi ikafanyika: kuta zikatengenezwa, ufuko ukakingwa. Mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo.

Basi, msomaji, hapa pana fundisho. Anayetaka kutunza jengo la zamani asitazame ukuta peke yake. Atazame na ardhi inayouzunguka. Kanisa kuukuu au shule ya wazee wetu huku mlimani nayo huanza kuanguka chini, pale maji yanapotuama penye msingi. Kabla ya mvua kuanza, tuzibue mifereji, tupande majani kwenye mteremko, tung'oe miche iliyoota ukutani. Kazi ya siku moja yaweza kuokoa kazi ya miaka mia.