Kutoka Adumi hadi Trinidad: Muuguzi akienda ng'ambo, nani hubaki na mgonjwa?

Adumi ni eneo la wakulima lililo kaskazini-magharibi mwa Uganda, nje ya mji wa Arua, si mbali na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Port of Spain ni mji mkuu wa Trinidad na Tobago, taifa la visiwa viwili katika bahari ya Karibi, jirani na pwani ya Venezuela. Kati ya sehemu hizi mbili ipo bahari ya Atlantiki nzima na tofauti ya saa 7. Muuguzi wa Adumi anapoanza zamu saa mbili asubuhi, Port of Spain ni saa saba usiku.

Hata hivyo, zaidi ya miaka 10 iliyopita serikali ya Uganda ilikusudia kuukata umbali huo kwa mkataba mmoja: madaktari, wauguzi na wakunga wa Uganda wangekwenda kufanya kazi katika visiwa hivyo. Mpango huo ulizua mabishano makali, ukafikishwa mahakamani, kisha ukakwama. Lakini maswali ulioyaibua yangali hai kila mahali ambapo mtaalamu wa afya hufunga mizigo yake, na katika kituo kidogo cha afya yanasikika kwa sauti kubwa kuliko mjini.

Mpango ulikuwa upi?

Mwishoni mwa mwaka 2014, ilibainika kwamba Wizara ya Mambo ya Nje ya Uganda ilikuwa imetangaza nafasi za kazi Trinidad na Tobago na kuwafanyia usaili wahudumu wa afya. Orodha ya waliopendekezwa ilikuwa na majina zaidi ya 250. Miongoni mwao walikuwamo madaktari bingwa wa watoto, wa magonjwa ya wanawake, wa afya ya akili na wa mionzi, pamoja na wauguzi na wakunga.

Serikali ilieleza kuwa huo ulikuwa ushirikiano wa mataifa mawili rafiki. Uganda ilikuwa imethibitisha mwaka 2006 kwamba ina mafuta yenye thamani ya kibiashara katika Bonde la Ziwa Albert, na ilihitaji ujuzi. Trinidad imekuwa ikichimba mafuta kibiashara tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na uchumi wake unategemea mafuta na gesi. Kwa hiyo mmoja angetoa ujuzi wa visima, mwingine angetoa mikono ya wodini.

Kwa nini Trinidad iliwahitaji?

Mtu anaweza kushangaa: nchi yenye gesi, mafuta na wakazi wapatao milioni 1.4 tu, inakosaje wauguzi wake yenyewe?

Jibu ni kwamba inawasomesha, kisha inawapoteza. Chuo Kikuu cha West Indies kina kampasi huko St Augustine, Trinidad, na hufundisha madaktari. Lakini Uingereza, Marekani na Kanada zimekuwa zikiwavuta wahudumu wa Karibi kwa vizazi kadhaa. Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza ilipoanzishwa mwaka 1948, wasichana wa visiwa hivyo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kualikwa kujaza wodi zake. Pengo lililoachwa nyuma likatafutiwa watu wengine, kutoka Cuba, Ufilipino na kwingineko.

Hivyo ndivyo soko la wahudumu wa afya linavyofanya kazi ulimwenguni. Hospitali ya nchi tajiri huchukua kutoka nchi ya kipato cha kati. Ya kipato cha kati huchukua kutoka nchi maskini. Na hospitali ya mji mkuu wa nchi maskini huchukua kutoka kijijini. Mwisho wa mnyororo huo yuko mgonjwa wa mahali kama Adumi, ambaye hana pa kwenda kuchukua mtu.

Kwa nini mpango ulipingwa?

Wapinzani walitazama orodha, wakahesabu. Kwa mujibu wa takwimu zilizonukuliwa na vyombo vya habari wakati huo, zaidi ya nusu ya madaktari wa mionzi wa Uganda walikuwa wametajwa ndani yake. Kwa fani yenye watu wachache namna hiyo, kuondoka kwa kundi moja ni sawa na kuufunga mlango wa idara nzima.

Taasisi moja ya utafiti wa sera yenye makao yake Kampala ilifungua kesi mahakamani kuzuia safari hiyo, ikidai kwamba serikali haiwezi kuwa wakala wa kuwaondoa wataalamu ambao wananchi wake wanawahitaji. Mwaka 2015 Ubelgiji, mmoja wa wafadhili wakubwa wa sekta ya afya nchini Uganda, ilisitisha msaada wake kwa sekta hiyo. Marekani nayo ilieleza wasiwasi. Wafadhili walikuwa wakijiuliza kwa nini walipie mafunzo na majengo ikiwa wafanyakazi wenyewe watasafirishwa.

Hoja hiyo ilikuwa na msingi katika makubaliano ya kimataifa. Mei 2010, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, WHO, zilipitisha kanuni za hiari kuhusu uajiri wa wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine. Kanuni hizo zinazitaka nchi zisiende kuwatafuta kwa makusudi wahudumu wa mataifa yenye upungufu mkubwa. Uganda imo katika orodha ya WHO ya mataifa yanayohitaji ulinzi huo. Hata hivyo, kanuni hizo hazimkatazi mtu binafsi kuomba kazi popote apendapo.

Na haki ya mfanyakazi je?

Hapa ndipo mjadala unapokuwa mgumu. Muuguzi si mali ya serikali. Ana watoto wa kuwasomesha, wazazi wa kuwatunza na nyumba ya kujenga. Wahudumu wengi wa afya wa Uganda walikuwa wakilalamikia mishahara midogo, kucheleweshewa malipo na ukosefu wa vifaa kwa miaka mingi kabla ya jina la Trinidad kutajwa. Wako pia waliohitimu lakini hawakuajiriwa, kwa sababu fedha za mishahara hazikutengwa. Kumwambia mtu wa namna hiyo asiondoke, bila kumpa sababu ya kubaki, ni kumtwika peke yake mzigo wa taifa.

Ghana ilitumia hoja hiyo hiyo ilipokubaliana na Barbados, kisiwa kingine cha Karibi. Mwaka 2020, wauguzi 95 wa Ghana waliwasili huko kwa mkataba wa serikali mbili. Ghana ilisema ilikuwa na wauguzi wengi waliohitimu wasio na ajira. Tofauti na orodha ya Uganda ni kubwa: kumpeleka asiye na kazi si sawa na kumpeleka daktari bingwa ambaye wenzake nchini wanahesabika kwa vidole.

Fedha zinazotumwa nyumbani nazo si haba. Katika miaka ya karibuni Waganda walio ng'ambo wamekuwa wakituma zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Fedha hizo hulipa ada na kuezeka nyumba kwa mabati. Lakini haziwezi kumpokea mtoto anayezaliwa usiku.

Adumi inaingiaje katika hesabu hii?

Adumi ina kituo cha afya cha daraja la nne. Katika mfumo wa Uganda, kituo cha daraja hilo hukusudiwa kuwahudumia watu wapatao 100,000, chini ya daktari, kikiwa na chumba cha upasuaji ili mama aliyeshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida afanyiwe upasuaji karibu na kwao. Yanayoshindikana hapo hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Arua, inayotegemewa na eneo zima la West Nile.

Ngazi hiyo ina mantiki nzuri, ila kila daraja linategemea mtu. Chumba cha upasuaji bila daktari na mtaalamu wa usingizi ni chumba tu. Mashine ya mionzi bila wa kusoma picha ni chuma tu. Mtaalamu mmoja akiondoka Arua, gari la wagonjwa linalotoka Adumi au Koboko hulazimika kuendelea na safari hadi Gulu au Kampala, na Kampala iko umbali wa karibu kilomita 500.

West Nile ina mzigo wa ziada. Eneo hili limewapokea mamia ya maelfu ya wakimbizi, wengi wao kutoka Sudan Kusini, katika makazi kama Bidi Bidi, Rhino Camp na Imvepi. Wagonjwa huvuka pia kutoka Kongo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ili mgeni na mwenyeji wapone wote wawili, lazima awepo wa kuwatibu.

Safari za kazi si jambo geni West Nile

Wazee wa hapa hawashangai kusikia kijana anakwenda mbali kutafuta riziki. Tangu enzi za ukoloni wa Kiingereza, West Nile ilifanywa ghala la vibarua na askari. Walugbara na Waalur walisafiri kusini kufanya kazi katika mashamba ya Buganda na Busoga, hasa ya miwa, Lugazi na Kakira, huku wengine wakijiunga na jeshi. Baada ya utawala wa Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, maelfu walikimbilia Zaire na Sudan, na wengi walikaa huko miaka mingi. Katika familia nyingi za Arua na Koboko, neno ugenini lina historia yake.

Trinidad nayo ni nchi iliyojengwa na watu waliotoka mbali. Mashamba yake ya miwa yalilimwa na watumwa kutoka Afrika hadi utumwa ulipokomeshwa katika miaka ya 1830. Kuanzia mwaka 1845 hadi 1917 waliletwa Wahindi kwa mikataba ya kazi. Ndiyo maana leo wakazi wengi wa huko wana asili ya India au ya Afrika, na tarehe 1 Agosti, siku ya ukombozi wa watumwa, ni sikukuu ya taifa.

Maisha ya kule yakoje?

Kwa Mganda, yapo mambo yatakayomfanya ajisikie nyumbani. Kiingereza ndiyo lugha rasmi. Magari hupita kushoto. Nchi zote mbili zilipata uhuru kutoka kwa Uingereza mwaka 1962: Trinidad na Tobago tarehe 31 Agosti, Uganda tarehe 9 Oktoba. Mihogo, ndizi na maembe vimo sokoni.

Yapo pia ya kuzoea. Chakula kingi huagizwa kutoka nje, hivyo bei huwa juu, na mshahara unaoonekana mnono ukihesabiwa kwa shilingi za Uganda hupungua haraka ukilipiwa kodi ya nyumba. Usalama nao ni wa kuzingatia: tarehe 30 Desemba 2024 serikali ilitangaza hali ya hatari kutokana na mauaji yanayohusishwa na magenge. Tena hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe. Msiba ukitokea nyumbani, kuuwahi ni shida, na nauli yake inaweza kumeza akiba ya miezi.

Nini cha kuhakiki kabla ya kusaini?

Mikataba ya serikali ikikwama, mawakala hujitokeza. Anayeahidiwa kazi visiwani, au kwingineko, anapaswa kujiridhisha na mambo haya:

Kwanza, wakala awe na leseni. Nchini Uganda, Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ndiyo inayosajili kampuni za kupeleka wafanyakazi nje. Ofisi nzuri na kadi ya jina si leseni.

Pili, taaluma yako itambuliwe huko uendako. Trinidad na Tobago ina bodi yake ya madaktari na baraza lake la wauguzi. Cheti cha Uganda hakikupi ruhusa ya kuhudumia wagonjwa kabla ya kusajiliwa nao.

Tatu, kuruhusiwa kuingia si kuruhusiwa kufanya kazi. Kwa ajira ya zaidi ya siku 30 mgeni huhitaji kibali cha kazi, na mwajiri ndiye anayepaswa kukiombea. Anayekuambia utangulie kwanza, kibali kitafuata, anakuweka mashakani.

Nne, uulize viza za njiani. Safari hupitia nchi nyingine, na anayebadilisha ndege Marekani, kwa mfano, huhitaji viza hata kama hatoki uwanjani. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kiwe mkononi.

Tano, mkataba uandikwe mshahara kwa sarafu gani, nani analipa nyumba na nauli ya kurudi, na nini kitatokea ukivunjwa kabla ya muda. Nakala moja ibaki nyumbani kwa ndugu unayemwamini.

Je, lipo suluhisho?

Kufunga mpaka hakujawahi kumzuia mwenye ujuzi. Humfanya tu apite njia za hatari. Wanaofuatilia suala hili hutaja njia tatu: kulipa vizuri zaidi, kuajiri waliohitimu na kuhakikisha kwamba nchi inayopokea inachangia gharama za kuwafundisha wengine. Uganda imepiga hatua katika la kwanza. Kuanzia Julai 2022 mshahara wa daktari wa kawaida wa serikali ulipandishwa hadi shilingi milioni 5 kwa mwezi. La pili linasubiri bajeti. La tatu linasubiri meza ya mazungumzo ambayo nchi kama Uganda itakaa ikijua thamani ya inachokitoa.

Mkataba wa Trinidad ulikosa mambo hayo kwa kiasi kikubwa. Ulijadiliwa kama suala la mataifa mawili, ilhali gharama yake ingelipwa na mtu wa tatu ambaye hakualikwa: mama anayesubiri zamu yake kwenye benchi la kituo cha afya, akiamini kwamba atakapoitwa ndani, atamkuta mtu.