Corona ilikula mechi zao, mtihani wakaupiga bao

JUMAPILI ya Machi 8, 2020, Bernard Morrison alisimama nyuma ya mpira wa adhabu pale Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Akaupiga, ukazama wavuni. Yanga 1, Simba 0. Jukwaani alikuwapo Rais John Magufuli, pamoja na Rais wa CAF wa wakati huo, Ahmad Ahmad.

Kwa mtu wa Kwamkoro, huko juu kwenye mashamba ya chai ya Usambara Mashariki, bao kama lile husikika kwanza, kuonekana ni baadaye. Redio ndiyo tiketi ya uwanjani. Mtangazaji akipandisha sauti, mlima mzima unajua kuna jambo.

Siku tisa baadaye, redio ileile ikaleta habari ya aina nyingine. Jumanne ya Machi 17, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kuwa shule za awali, msingi na sekondari zinafungwa kwa siku 30. Ilikuwa siku moja tu tangu mgonjwa wa kwanza wa corona atangazwe nchini, mkoani Arusha. Ligi Kuu ikasimama. Na katika orodha ya michezo iliyosimamishwa yalikuwamo majina mawili ambayo watu wengi wa mjini waliyapita tu: UMITASHUMTA na UMISSETA.

Lakini kwa dogo wa darasa la saba mwenye mguu wa kushoto unaojua kazi, majina hayo ndiyo yalikuwa Ligi Kuu yake.

MLIMA, CHAI NA KIWANJA

Kwamkoro ipo Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, upande wa mashariki wa milima ya Usambara. Ukitoka Muheza mjini unapanda zaidi ya kilomita 30 kuelekea Amani, barabara ikizunguka kona kwa kona ndani ya msitu. Msitu wa Kwamkoro ni sehemu ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Nje ya msitu kuna chai, na katika mashamba ya wanakijiji kuna iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga.

Mvua huku si ya kuuliza. Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na masika huanza kushuka Machi hadi Mei. Yaani shule zilifungwa wakati ambao mlima umeshaanza kulowa, utelezi kila njia, na chai ikichipua kwa kasi.

Kitu adimu kuliko vyote mlimani ni ardhi tambarare. Ndiyo maana kiwanja cha shule huwa ndicho kiwanja cha kijiji. Mpira ukitoka nje upande wa mteremko, mchezo unasimama hadi mtu ateremke kuufuata bondeni. Shule ikifungwa, haifungwi darasa peke yake. Unafungwa uwanja, unafungwa mpira wenyewe ambao hutunzwa ofisini kwa mwalimu wa michezo, na inakatika ile saa kumi jioni ambayo mtoto ana ruhusa ya kucheza bila kuulizwa.

NGAZI YA KUPANDIA

UMITASHUMTA ni Umoja wa Michezo na Taaluma Shule za Msingi Tanzania. UMISSETA ni ya sekondari. Mfumo wake ni ngazi: shule, kata, tarafa, wilaya, mkoa, hadi taifa. Mtoto wa tarafa ya Amani akifanya vizuri nyumbani anashuka Muheza, akitoboa anaenda Tanga, akitoboa tena anavaa jezi ya mkoa na kusafiri.

Mwaka 2019 fainali za taifa zilifanyika Mtwara. Kutoka milima ya Usambara hadi Mtwara ni safari ya kuvuka pwani yote ya nchi, kaskazini hadi kusini. Wapo watoto ambao safari yao ya kwanza nje ya wilaya ililipwa na mguu wao, au na mkono wao kwenye netiboli, au na pumzi zao kwenye riadha. Kupanda na kushuka milima kila siku kwenda shule ni mazoezi tosha, hayahitaji kocha.

Ngazi hiyo ndiyo iliyong'olewa Machi 2020, kabla madogo hawajaikanyaga. Kwa kawaida mchujo wa ngazi za chini huanza miezi michache kabla ya fainali za Juni na Julai. Mwaka ule haukuwapo mchujo wala fainali.

REDIO YAGEUKA TICHA

Duniani kote, zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 walikuwa nje ya madarasa katika kilele cha janga lile, kwa takwimu za UNESCO. Nchi nyingi zilikimbilia kwenye kompyuta. Hapa kwetu, silaha iliyokuwa karibu ilikuwa redio na televisheni. Taasisi ya Elimu Tanzania ilishirikiana na TBC kurusha vipindi vya masomo, na vitabu vya kiada vikapatikana kwa njia ya mtandao. Vipindi vya Ubongo Kids, ambavyo watoto walishavizoea, vikawa na kazi ya ziada.

Kwa mtoto wa Masaki, hiyo ni habari ya kubonyeza tu. Kwa mtoto wa mlimani ni mpambano. Kitabu cha mtandaoni kinataka simu janja, simu inataka chaji na bando, na bando linataka hela ambayo pia inatakiwa kununua unga. Simu yenyewe ni ya baba, na baba akienda kazini inaondoka naye mfukoni. Inayobaki nyumbani ni redio, kama betri hazijakwisha.

Basi redio iliyokuwa ya Simba na Yanga ikawa ya hesabu na sayansi. Mpira wenyewe haukuwapo wa kutangazwa, hivyo hata wale wazee wa kuhodhi redio hawakuwa na sababu nzito ya kumnyima mtoto.

Tanzania si mgeni wa kusoma kwa redio. Mwaka 1973, enzi za Mwalimu Nyerere, kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima takribani milioni mbili kwa njia hiyo. Ila ilifanikiwa kwa sababu watu walikaa vikundi, redio katikati, kiongozi wa kikundi akisimamia mjadala na baada ya hapo kazi ya mikono: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi. Mwaka 2020, kukaa kikundi ndicho kitu kilichokatazwa. Mtoto akabaki na redio lakini bila kikundi.

Na mpira nao ni hivyohivyo. Bila kikundi, hakuna timu.

DANADANA PEKE YAKE

Mwezi ule ule wa Machi, FIFA na Shirika la Afya Duniani walitoa kampeni ya wachezaji maarufu wakielekeza watu kunawa mikono na kukaa nyumbani. Mastaa wa Ulaya wakawa wanajirekodi wakipiga danadana sebuleni. Mbwana Samatta, ambaye Machi 1 alikuwa ameifungia Aston Villa kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City pale Wembley, naye ligi yake ilisimama kama ya kila mtu.

Danadana kijana wa Usambara anaiweza. Anahitaji makaratasi, matambara na kamba, mpira umepatikana. Anaweza kupiga ukutani, anaweza kukimbia mteremko na kuurudia. Tatizo ni kwamba danadana haimfundishi beki kukaa kwenye mstari na wenzake watatu. Haimfundishi mchezaji wa netiboli kuachia mpira kabla hajaingiliwa. Vitu hivyo hufundishwa na mwenzako, na mwalimu mwenye filimbi.

Vipindi vya redio navyo, kwa haki kabisa, vilikazania masomo ya mtihani. Haiba na Michezo ni somo lililokuwa kwenye mtaala wa shule ya msingi, lakini ni somo gumu kulifundisha kwa sauti tupu. Hivyo kwa upande wa michezo, masomo ya mbali yalikuwa mbali kweli.

Halafu kuna kazi za nyumbani. Masika ni msimu wa palizi, na mtoto aliyeko nyumbani ana jembe linalomsubiri. Msichana ana ndoo, ana wadogo zake, ana jiko. Shule ikiwa wazi, saa za michezo ni haki yake kama ya mvulana. Shule ikifungwa, saa hizo humezwa kwanza kwake.

LIGI IKARUDI, MASHINDANO YA SHULE HAYAKURUDI

Siku 30 zilizaa nyingine. Mwishoni mwa Mei ikaruhusiwa michezo kurejea kuanzia Juni 1, pamoja na vyuo na kidato cha sita. Jumamosi ya Juni 13 Ligi Kuu ikaanza tena. Siku nne baadaye England nayo ikafungua, Aston Villa na Sheffield United zikitoka 0-0.

Jumapili ya Juni 28, Simba ilitoka suluhu na Tanzania Prisons pale Sokoine, Mbeya, ikatwaa ubingwa wa tatu mfululizo. Kesho yake, Jumatatu ya Juni 29, shule zote zikafunguliwa. Zilikuwa zimepita siku 104.

Hapo ndipo tofauti ilipoonekana. Wakubwa walirudishiwa mechi zao zote. Msimu ulikwisha, kombe likabebwa, Meddie Kagere akamaliza na mabao yake 22. Na usajili ulipofika, Bakari Mwamnyeto alishuka kutoka Coastal Union, timu ya mkoa huu huu wa Tanga, kwenda Yanga. Soko la wachezaji halikukosa hata dirisha moja.

Madogo walirudi na kukuta ratiba imebanwa kufidia vipindi vilivyopotea. Darasa la saba walikuwa na mtihani wa taifa Oktoba. Nani angethubutu kuwaambia wazazi kwamba watoto washuke Muheza kucheza mpira?

MTIHANI WAKAUPIGA BAO

Matokeo yalipotoka Novemba, wengi walishika vichwa, safari hii kwa furaha. Ufaulu wa kitaifa wa darasa la saba ulikuwa asilimia 82.68, juu ya asilimia 81.5 ya mwaka 2019. Zaidi ya watoto 833,000 walifaulu. Darasa lililokosa shule kwa zaidi ya miezi mitatu lilifanya vizuri kuliko darasa lililosoma mwaka mzima.

Hayo ni mafanikio na yapewe heshima yake. Ni ya walimu waliokimbiza silabasi, ya wazazi walionunua betri, na ya watoto wenyewe walioandika maswali ya redio kwenye daftari huku mvua ikipiga bati.

Lakini UMITASHUMTA ina herufi ya michezo na ina herufi ya taaluma. Mwaka 2020 taaluma iliokolewa kwa nguvu zote. Michezo iliachwa bondeni kama mpira uliotoka nje, hakuna aliyeteremka kuufuata.

DOGO AKUTANA NA MAKAKA

Mtu anaweza kusema mwaka mmoja si kitu, mwaka uliofuata mashindano yalirudi. Ni kweli. Juni 2021 fainali zilirudi, na zilirudi palepale Mtwara. Ila dogo wa darasa la saba wa 2020 hakuwa tena wa shule ya msingi. Alikuwa kidato cha kwanza.

Kidato cha kwanza anaingia UMISSETA kugombea namba na makaka wa kidato cha tatu na cha nne wenye vifua na vifundo. Ile UMITASHUMTA ya darasa la saba ndiyo ingekuwa cheti chake, mwalimu mpya angeambiwa huyu alifika wilaya, huyu alivaa jezi ya mkoa. Hana. Anaanza kama mtu asiyejulikana, na wengi wakikosa namba mwaka wa kwanza hawajaribu wa pili.

Jambo hili halikuwapata watoto wa kijijini tu. Serengeti Boys walifuzu fainali za AFCON ya vijana wa chini ya miaka 17 kupitia mashindano ya CECAFA yaliyochezwa Rubavu, Rwanda, Desemba 2020. Fainali zilipangwa Morocco, Machi 2021. Zikafutwa kwa sababu ya corona. Soka la vijana lina kikwazo hicho, umri hausubiri tarehe mpya.

Kwa hiyo kama shule zitafungwa tena siku moja, kwa ugonjwa au kwa mafuriko, kuna mambo ya kufanya yasiyotaka fedha nyingi. Nusu saa ya redio kwa wiki inatosha mwalimu wa michezo kutoa mazoezi ya nyumbani, na hesabu za kuandika daftarini: mizunguko mingapi, danadana ngapi, dakika ngapi. Mpira wa shule unaweza kuazimwa kwa zamu kama kitabu. Na shule zikifunguliwa, hata bonanza la kata la siku moja kwa waliokosa zamu yao lingemwachia kila mtoto jina kwenye karatasi ya mwalimu.

Waliokuwa darasa la saba mwaka 2020, wale waliokwenda mfululizo bila kukwama, walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024. Ndiyo wamemaliza. Kwenye orodha ya fainali za taifa imeandikwa 2019 Mtwara, kisha 2021 Mtwara. Katikati pako wazi, na kila shule ya mlimani ina majina yake ambayo yangekaa hapo.