Mfuniko wa kopo la chakula: angalia hivi kabla hujalipia oda

Tangu niposti yale makopo ya dagaa wa kukaanga, inboksi imejaa swali moja tu: "Boss, mifuniko unachukua ya bati gani?" Swali zuri sana, ila wengi wanalimalizia na "ya bei gani", na hapo ndipo watu wanapigwa. Mimi nina duka hapa Nansio, shule niliishia kidato cha nne. Haya nimejifunza kwa kusoma, kuuliza mafundi na kuwasumbua wauzaji wa vifungashio kule Mwanza mpaka wakanizoea.

Kwanza, neno lenyewe "bati" linatuchanganya. Bati la paa ni chuma chembamba kilichopakwa zinki. Bati la kopo la chakula ni chuma chembamba kilichopakwa madini ya bati yenyewe, yale yanayochimbwa Kyerwa kule Kagera. Kwa macho unaweza usione tofauti. Lakini zinki ikikutana na siki, ndimu au nyanya inayeyuka na kuingia kwenye chakula, na mteja anaweza kuishia kutapika. Kwa hiyo fundi akikwambia atakukatia mifuniko ya achari kwenye kipande cha bati la paa kilichobaki, mshukuru halafu kataa. Akisema ataunga kwa lehemu yenye risasi, kataa mara mbili. Marekani walishapiga marufuku lehemu ya risasi kwenye makopo ya chakula tangu 1995.

Sasa ukiomba bei kwa wakala, utaletewa aina tatu. Ya kwanza ndiyo hiyo ya chuma chenye bati. Kwenye karatasi utaona namba kama 2.8/2.8. Maana yake ni gramu 2.8 za bati kwa kila mita moja ya mraba, upande huu na upande ule. Ukiona 2.8/5.6, upande mmoja umepakwa zaidi, hivyo uliza upande mzito unaangalia chakula au unaangalia nje. Muuzaji anayejua kazi anajibu hapo hapo. Asiyejua atakutumia emoji.

Ya pili inaandikwa TFS. Hii haina bati kabisa, imepakwa tabaka jembamba mno la kromiamu. Mara nyingi ni nafuu, na wengi wanadhani nafuu ni feki. Si feki. Mwili wa kopo unaungwa ubavuni kwa kuchomelewa, na TFS haikubali kuchomelewa mpaka uikwangue. Mfuniko hauchomelewi, unagongwa kwenye mashine halafu unakunjwa na ukingo wa kopo mara mbili. Ndiyo maana ni kawaida kukuta kopo lenye mwili wa bati na mifuniko ya TFS. Rangi ya kinga inaishika TFS vizuri sana. Ubaya wake, bila rangi inaota kutu haraka, kwa hiyo lazima ipakwe pande zote mbili. Ukiletewa TFS iliyo tupu upande mmoja, rudisha.

Ya tatu ni alumini, hasa mifuniko yenye kipete cha kuvuta. Nyepesi, haishiki kutu, wateja wanaipenda kwa sababu haihitaji kisu. Lakini chumvi na uchachu vinaila pale rangi ilipochubuka. Kuitambua ni rahisi, chukua sumaku ya spika mbovu. Chuma kitanasa, alumini haitanasa.

Hata hivyo, kwangu mimi kitu kinachoamua kuliko vyote ni ile rangi ya ndani, ya dhahabu au nyeupe. Samaki na dagaa wana salfa kwenye protini. Wakipashwa moto kwenye kopo, salfa inatoka na kushika bati na chuma, unapata madoa meusi. Madoa hayo peke yake si sumu, ila nenda kamwelezee hivyo mteja wa Dodoma aliyelipia kwa simu na sasa anakupostia picha. Kwa samaki, omba rangi inayozuia salfa, na uandike hivyo kwenye oda. Kwa achari, nyanya na vitu vyenye ndimu, omba rangi inayostahimili asidi. Ni rangi mbili tofauti, usikubali kuambiwa "hii ni ya vyote" bila sampuli. Na asali ina asidi pia, wala usiiweke kwenye mfuniko mtupu kwa sababu ni tamu. Mnaotumia chupa za kioo nanyi mpo humu humu, maana mfuniko wa kuzungusha ni chuma kilekile na rangi ileile, umeongezewa mpira tu.

Utakutana na makopo ya nanasi ambayo ndani hayana rangi kabisa. Hiyo ni makusudi: bati linayeyuka taratibu badala ya chuma, na tunda linabaki na rangi nzuri. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu bati lisizidi miligramu 250 kwa kilo ya chakula cha kopo. Kopo likishafunguliwa hewa inaharakisha kuyeyuka, kwa hiyo mwambie mteja ahamishie kwenye bakuli.

Vipimo navyo. Bati la mfuniko huwa na unene wa karibu milimita 0.2. Ukiona DR kwenye karatasi, limebanwa kwa roli mara mbili likiwa baridi, hivyo ni jembamba ila gumu. Namba kama 307 ni kipenyo, inchi 3 na sehemu 7 za 16. Kama mwili unanunua kwa mtu mmoja na mfuniko kwa mwingine, hii namba ndiyo itakuokoa. Ile mistari ya mviringo kwenye mfuniko si urembo. Kopo likipashwa moto mfuniko unatuna, likipoa unarudi, na mistari ndiyo inaupa nafasi.

Hapo kwenye moto niseme wazi. Dagaa wabichi au wa mchuzi usiwafunge kwenye kopo nyumbani, hata uwe na mfuniko mzuri kiasi gani. Vijidudu vya botulizimu vinaishi bila hewa na mbegu zake hazifi kwa kuchemsha. Viwanda vinatumia mitungi ya presha inayofika nyuzi 121. Sufuria ya hapa kwetu haifiki hata 100, kwa sababu ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Dagaa waliokaangwa wakakauka kabisa ni habari nyingine, adui yao ni unyevu na mafuta kuchacha. Nami nauza hao tu.

Ukipata sampuli, chora msalaba kwa wembe kwenye rangi ya ndani, bandika selotepu, vuta kwa nguvu. Rangi ikitoka na selotepu, achana nayo. Nyingine chemsha kwenye siki na chumvi nusu saa, uangalie kama imevimba au kuchubuka. Kuna jaribio nalipenda zaidi: mrututu, ule wa duka la pembejeo. Yeyusha kidogo kwenye maji, mimina juu ya mfuniko usiochorwa, subiri. Palipo na tundu dogo kwenye rangi patatokea kidoa chekundu cha shaba. Ni sumu, kwa hiyo tumia kikopo cha kutupa na sampuli yenyewe itupwe.

Mwambie wakala akupe cheti kinachosema rangi ni ya kugusa chakula. Bila hicho utasumbuka TBS, ambao ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019. Mdogo kama mimi anza SIDO Mwanza, wanakupa ushauri wa vifungashio na barua ya kukutambulisha TBS.

Mzigo ukifika na meli, usiuweke sakafuni wala karibu na dirisha la upande wa ziwa. Weka juu ya mbao, acha kwenye karatasi yake mpaka siku ya kufunga. Yenye kipete kagua ule mstari wa kukatia kwa nje, ndiyo sehemu iliyochanwa na kupakwa rangi upya, na kutu ya Nansio huanzia hapo.