Meli ya Karibiani kwa Sh84,500? Soma hii kabla ya kuweka PIN

Mwalimu mmoja wa jiografia kutoka Nakuru, aliyekuwa amebakisha mwezi mmoja astaafu, alitupigia simu asubuhi moja. Laini yake haikuwa na shida, wala hakuwa ametuma pesa kwa nambari isiyo sahihi. Alitaka tumwongezee kikomo cha muamala, na alitaka iwe siku hiyo hiyo, kabla ya saa kumi na mbili jioni.

"Mwalimu, unalipia nini cha haraka hivyo?" tukamuuliza.

"Meli, mwanangu. Tunaenda Barbados."

Yeye ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama wanne. Wameweka akiba kwa miaka minne, kila mwezi bila kukosa. Wazo la Barbados lilikuwa lake: amechora ramani ya Karibiani ubaoni mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na hajawahi kuiona bahari ile. Kisha tangazo likaingia kwenye WhatsApp: usiku saba melini, chakula chote ndani, Sh84,500 kwa mtu, "nafasi nne tu zimebaki". Kwa watu wanne ni Sh338,000. Zilipwe leo, kwa nambari ya simu ya mtu binafsi.

Kikomo hatukumwongezea, kwa sababu hatuwezi. Muamala mmoja wa pesa za simu hapa Kenya hauzidi Sh250,000. Siku hiyo kikomo kilimsaidia, maana kilimpa muda wa kuuliza maswali. Haya ndiyo tuliyopitia naye, na tunayaandika kwa sababu si yeye peke yake anayetumiwa matangazo ya aina hii.

Bei ya tangazo si bei ya safari

Kampuni za meli za watalii hutangaza bei ya chini kabisa: chumba cha ndani kisicho na dirisha, kwa mtu mmoja, mkiwa wawili chumbani. Ukisafiri peke yako, mara nyingi utalipia hata kile kitanda kisicho na mtu.

Chakula cha kawaida kimo kwenye bei hiyo, pamoja na maonyesho ya jioni na bwawa la kuogelea. Pombe, soda, intaneti, mikahawa ya kifahari na matembezi ya visiwani kwa kawaida hulipiwa kando. Kuna pia bakshishi ya wafanyakazi. Kwenye meli nyingi za Marekani ni kama dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa kila siku, na huongezwa kwenye bili yako bila wewe kuulizwa.

Tulipiga hesabu ya mfano tukiwa naye kwenye simu, dola moja ikiwa Sh130:

- Chumba cha ndani, usiku 7: dola 650 (hizi ndizo Sh84,500 za tangazo)
- Kodi na ada za bandari: dola 160
- Bakshishi, dola 18 kwa siku 7: dola 126
- Intaneti, dola 20 kwa siku 7: dola 140
- Matembezi ya visiwa 3, dola 60 kila moja: dola 180

Jumla ni dola 1,256, yaani Sh163,280 kwa mtu. Hiyo inakaribia mara mbili ya bei ya tangazo, na bado hujakata tikiti ya ndege, hujalipa viza wala bima. Haba na haba hujaza kibaba, na ada nazo ni hivyo hivyo.

Kwa hivyo ukilinganisha meli mbili, usilinganishe bei za matangazo. Matangazo mengine hujumlisha kodi na mengine hapana. Iulize kila kampuni swali moja: "Nikilipa hizi, nitadaiwa nini tena hadi nishuke?"

Meli inaanzia wapi? Hapo ndipo viza huamuliwa

Mwalimu alishtuka kidogo hapa. Meli ya kwenye tangazo ilikuwa inaondoka Miami.

Ukiondokea Miami au Fort Lauderdale, lazima kwanza uingie Marekani, na meli ikirudi unaingia tena. Kwa hivyo unahitaji viza ya Marekani, na iwe inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Ada ya kuomba viza ya utalii imekuwa dola 185 tangu 2023, na huirudishiwi ukinyimwa. Zaidi ya hapo, miadi ya mahojiano inaweza kuwa ya mbali. Ukilipia meli leo na viza ikakataliwa, huo si mzigo wa kampuni ya meli.

Kuna njia nyingine. Baadhi ya meli huanza na kumalizia safari Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, hasa msimu wa Desemba hadi Machi. Mkenya haihitaji viza kwa ziara fupi ya Barbados. Hata hivyo, thibitisha tena kabla ya kulipa, kwa sababu sheria hubadilika. Angalia pia ndege inapopitia. Kwa kawaida Mkenya anayebadilisha ndege Uingereza huhitaji viza ya kupitia, hata kama hatoki nje ya uwanja.

Halafu soma majina ya bandari zote kwenye ratiba, moja baada ya nyingine. Visiwa vya Karibiani viko karibu karibu, lakini haviko chini ya serikali moja. Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa. Aruba na Curaçao ziko chini ya ufalme wa Uholanzi. San Juan na St. Thomas ni Marekani. Kampuni inaweza kukukatalia kupanda meli kwa sababu ya viza ya bandari moja tu, hata ukisema wewe utabaki chumbani.

Usisahau kadi ya manjano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na visiwa vingi vya Karibiani huidai kadi hiyo kwa anayetoka huku. Chanjo idungwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Ukishachanjwa, cheti hicho ni cha maisha.

Hesabu saa, usihesabu visiwa

"Mwalimu," tukamuuliza, "hiyo meli itakaa Barbados saa ngapi?"

Akafungua tangazo, akatafuta, akanyamaza. Barbados haikuwemo. Picha ilikuwa ya Barbados, lakini ratiba ilikuwa ya Jamaika, Grand Cayman na Cozumel iliyoko Mexico.

Kosa hili ni rahisi kufanya, kwa sababu watu husema "Karibiani" kana kwamba ni sehemu moja. Njia kubwa ni tatu. Ya magharibi hupita bandari kama Jamaika, Grand Cayman na Cozumel. Ya mashariki huenda San Juan, St. Thomas na Sint Maarten. Ya kusini ndiyo hufika Barbados, St. Lucia, Grenada, Aruba na Curaçao. Meli zinazoondoka Florida kwa wiki moja kwa kawaida hazifiki Barbados, kwa kuwa iko mbali sana upande wa mashariki.

Hata ukipata meli inayofika, soma saa za kuingia na kutoka. Kwa kawaida meli hukaa bandarini saa 8 hadi 10, na unatakiwa urudi kabla haijang'oa nanga. Haikungoji. Grand Cayman hakuna gati la meli kubwa, kwa hivyo abiria hushushwa kwa mashua ndogo, na foleni hiyo hukula saa zako.

Saa 8 za Barbados zinatosha nini? Kutoka bandarini hadi katikati ya Bridgetown ni mwendo wa miguu wa kama nusu saa. Sehemu ya kihistoria ya mji huo na kambi yake ya kale ya kijeshi, Garrison, iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Mbele kidogo ni Carlisle Bay, ambako watu huogelea na kasa. Kwa chakula, uliza cou-cou na samaki arukaye. Cou-cou ni unga wa mahindi uliosongwa na bamia, kwa hivyo Mkenya hatajihisi mgeni mezani. Lakini ile karamu ya samaki wa kukaanga ya Oistins, inayojaza watu Ijumaa usiku, haikupati kama meli yako inaondoka saa kumi na moja jioni.

Kwa hivyo jiulize kwanza: unataka kuonja visiwa vingi, au unataka kukijua kimoja? Kama ni kuonja, meli ni njia nzuri, maana unafungua begi mara moja tu. Kama ni kisiwa kimoja, huenda ndege na nyumba ya wageni vikakufaa zaidi. Kuna pia njia ya katikati: panda meli inayoanzia kwenye kisiwa unachokipenda, ufike siku mbili mapema.

Bei ikishuka, angalia kalenda

Msimu wa vimbunga huko ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na huchacha zaidi kati ya Agosti na Oktoba. Ndiyo maana bei nyingi za chini utaziona miezi hiyo. Tarehe 1 Julai 2024, Kimbunga Beryl kilipiga kisiwa cha Carriacou nchini Grenada na kukiharibu vibaya sana. Barbados iko upande wa mashariki na mara nyingi vimbunga huipita kando, lakini hakuna mwenye hakika.

Kimbunga kikija, meli hubadilisha njia. Mkataba wako karibu kila mara unairuhusu kampuni kuruka bandari, na utakachorudishiwa huenda kikawa ada ya bandari tu. Kama umeenda kwa ajili ya kisiwa kimoja, hiyo ni hasara kubwa. Lipa zaidi kidogo uende Januari au Februari, au ukubali hatari hiyo ukiwa unaijua, na ununue bima inayotaja kimbunga kwa jina.

Sasa tuongee malipo

Hapa ndipo tunapopajua sisi.

*Mlipwaji ni nani?* Kampuni au wakala halali hupokea pesa kwa akaunti ya biashara: Paybill, till, benki au kadi. Jina linalotokea kabla ya kuweka PIN liwe la kampuni. Likiwa jina la mtu, simama hapo.

*Nambari ya nafasi.* Omba nambari ya nafasi uliyohifadhiwa, kisha uipigie kampuni ya meli yenyewe uwaulize kama wanaitambua. Usitumie nambari ya simu iliyo kwenye tangazo. Itafute mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni.

*Usilipe yote mara moja.* Kampuni nyingi hupokea malipo ya awali kwanza, na salio kama siku 75 hadi 90 kabla ya safari. Anayedai yote leo ana sababu zake. Uliza pia kama malipo ya awali yanarudishwa.

*Weka akiba mahali panapofaa.* Salio la pochi ya simu halizidi Sh500,000. Safari ya watu wanne inavuka hapo haraka, kwa hivyo pesa za chama ziwe benki au SACCO, na simu itumike kulipia.

*Dola.* Ukilipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi yako, utakatwa kwa kiwango cha kadi cha siku hiyo. Kiwango ulichokiona kwenye mtandao huwa chini ya hapo. Acha nafasi kidogo kwenye salio.

*Ukiwa melini.* Shilingi haitumiki, na ununuzi wote huenda kwenye kadi ya chumba. Kadi hiyo huunganishwa na kadi yako ya benki, na meli inaweza kushikilia kiasi fulani kwa siku kadhaa. Uliza mapema kama kadi yako inakubaliwa. Washa roming kabla ya kuondoka nyumbani ili SMS za uthibitisho zikufikie ukiwa nchi kavu, na baharini weka simu kwenye hali ya ndege, kwa sababu mtandao wa setilaiti wa meli ni ghali.

*Ukiwa Barbados.* Dola 2 za Barbados ni dola 1 ya Marekani, na imekuwa hivyo tangu 1975. Ukiona "$40" kwenye menyu, uliza ni dola zipi kabla ya kulipa.

Waliamua nini?

Mwalimu alimwandikia yule wa tangazo akiomba nambari ya nafasi. Akajibiwa kwamba ofa imeisha. Alipouliza mara ya pili, akafungiwa.

Akarudi kwa wenzake na hesabu mpya. Haikuwa rahisi, anasema, kuwaambia kwamba miaka minne ya akiba haitoshi bado. Mmoja alitaka wagawane pesa kila mtu aende zake. Walikubaliana kuchanga miezi kumi zaidi, wakate meli ya Januari inayoanzia Bridgetown, na walale Barbados usiku mbili kabla ya kupanda. Akiba yao yote, Sh338,000, ingali kwenye akaunti ya chama.

Ukitumiwa ofa kama ile na huna hakika, tupigie kabla ya kuweka PIN. Muamala ambao haujafanyika hauhitaji kurudishwa.