Kiraka Kipya, Kutu ya Jirani

Nguzo ya zege inapopasuka na kudondosha vipande, kwa kawaida fundi hubandua sehemu iliyolegea, hukandika saruji mpya na kumalizia kwa rangi. Baada ya misimu michache ya mvua nyufa hujitokeza tena, safari hii pembeni mwa kiraka. Lawama humwangukia fundi, eti alipunja saruji. Mara nyingi saruji ilitosha. Kilichopungua ni upana wa eneo lililokatwa.

Zege jipya lina ualikali mkali unaoifunika nondo kwa utando mwembamba na kuizuia isishike kutu. Hewa ya ukaa hupenya polepole, mwaka baada ya mwaka, na kuupunguza ualikali huo. Dar es Salaam, Tanga na Unguja chumvi ya bahari huzidisha madhara. Songea iko mbali na bahari. Huku adui ni hewa hiyo pamoja na unyevu wa mvua za Novemba hadi Aprili, hasa pale nondo ilipofunikwa kwa zege jembamba. Kutu huhitaji nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, hivyo hulipasua zege kutoka ndani.

Nondo iliyotiwa kiraka ni moja, lakini imelala katika mazingira mawili. Penye unyevu hufanya kazi kama betri: kipande kilicho ndani ya saruji mpya hulindwa, cha jirani huliwa. Kabla ya ukarabati, kipande kibovu ndicho kilichokuwa kikiliwa kwa niaba ya jirani yake.

Kwa hiyo zege hugongwa kwa nyundo ili kusikiliza mlio wa uwazi, huchimbwa hadi nyuma ya nondo kiasi cha milimita 20 au zaidi, na nondo hufuatwa mpaka chuma safi kionekane, kisha kupita hapo kidogo. Kutu husuguliwa yote kwa brashi ya waya. Kiraka humwagiliwa maji kwa siku 7, na paa linalovuja huzibwa kwanza.

Nguzo inayobeba tangi la maji au baraza la darasa isichimbwe kabla ya kuwekewa mihimili ya muda. Mwalimu mkuu au mganga mfawidhi aonapo doa la kutu au ufa unaofuata mstari wa nondo, amwarifu mtendaji wa kijiji, ili mhandisi wa halmashauri akague kabla saruji haijanunuliwa.