Kutoka Usaisi Mpaka Ukufunzi: Kazi ya Farasi Jirani na Riruta

Mtu atokaye Riruta kwa miguu, akapita Ngando na kuivuka Barabara ya Ngong, hufika penye uwanja mkubwa wa majani upakanao na msitu. Hapo ndipo farasi wa mbio wa Nairobi wamekuwa wakishindana tangu mwaka 1954. Kabla ya hapo mashindano yalifanywa upande mwingine wa mji, karibu na Kariokor, na Barabara ya Race Course ya huko bado yachukua jina la uwanja uliokwisha kutoweka. Watu wengi wa Riruta, Kawangware na Kibera huujua uwanja wa Ngong kwa ajili ya mashindano ya Jumapili. Si wengi waujuao kama mahali pa kazi, ambapo siku zote saba za juma, kabla ya mapambazuko, watu huwa wamekwisha amka kuwalisha farasi, kuwasafisha na kuwatembeza, nao hulipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Kijana apendaye wanyama ana haki ya kuuliza: je, mtu aweza kuanza kwa kuzoa samadi, hatimaye awe mkufunzi mwenye leseni, ambaye jina lake huchapwa katika orodha ya mashindano? Njia ipo, na wapo waliokwisha ipita. Wakufunzi Waafrika kama Joe Karari na Onesmus Mutua wametajwa mara nyingi katika kurasa za mbio za magazeti ya Nairobi. Walakini njia hiyo ni ndefu, na mara nyingi kinachowashinda watu si ukaidi wa farasi bali ni fedha, yaani namna ya kula na kulipa kodi ya nyumba katika miaka ya kungojea.

KAZI YENYEWE

Mtunza farasi huitwa saisi. Neno hili asili yake ni Kiarabu, nalo lilitumika sana Bara Hindi kabla ya kuenea katika mazizi ya Kenya. Kwa desturi saisi mmoja hupewa farasi wawili au watatu, na hao huwa wake hasa. Asubuhi huondoa maranda yaliyolowa na kutia makavu, hulisha, husugua mwili kwa brashi, huinua miguu mmoja mmoja na kuchokoa uchafu katika kwato. Kisha farasi hutandikwa, akatolewa kwa mazoezi. Siku nyingine huenda telki tu, siku nyingine huachiwa shoti. Arudipo hutembezwa polepole mpaka jasho likauke na pumzi zitulie, ndipo aingizwe bandani.

Mtu asiyejua hudhani hayo ni kazi ya mikono mitupu. Kumbe katika kazi hiyo ndimo ukufunzi unamofichwa. Saisi hodari, kabla ya kufanya jambo lolote, hutazama chakula cha jana. Kikiwa kimebaki, kuna sababu. Hupapasa miguu ya mbele kutoka goti mpaka chini, kwa maana mshipa unaotaka kuumia hupata moto kwanza, na moto huo vidole huujua siku moja au mbili kabla farasi hajaanza kuchechemea. Farasi mzima akiwa ametulia, moyo wake hupiga kama mara 28 hadi 44 kwa dakika, na joto la mwili wake ni baina ya digrii 37.5 na 38.5. Mwenye kuyajua hayo atatambua mapema kwamba mnyama ni mgonjwa, naye ataweza kumwambia daktari wa mifugo jambo la maana badala ya kusema tu, “Leo hajisikii vizuri.”

Yako maradhi mawili ambayo kila saisi hana budi kuyaogopa. La kwanza ni msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika kama mbwa au mtu. Kilichoingia sharti kipite chote, na kikizuiliwa njiani mnyama huweza kufa katika muda wa saa chache. Akionekana akiutazama ubavu wake, akipiga tumbo kwa mguu, akilala na kuinuka mara kwa mara, daktari aitwe upesi. La pili ni ndwele ya farasi ya Afrika, ambayo huenezwa na usubi, wale wadudu wadogo sana warukao wakati wa jioni na alfajiri. Pundamilia na punda huweza kuwa nayo wasionyeshe dalili, lakini farasi wasiochanjwa hufa kwa wingi, pengine 9 katika 10. Ndiyo sababu wakati wa hatari mnyama huingizwa ndani mapema, wala chanjo haiahirishwi.

Kijana ambaye kila siku huyaandika haya katika daftari dogo, yaani farasi gani alibakiza chakula, yupi alipata moto mguuni, yupi alikwenda shoti umbali gani na akapumua vipi baadaye, baada ya miaka mitatu atakuwa na elimu isiyouzwa dukani. Asiyeandika atakuwa na miaka mitatu ya kuzoa samadi.

WALIOTANGULIA

Mfano ujulikanao zaidi katika nchi ya Kenya ni wa Bibi Beryl Markham, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1902 na kuletwa Njoro angali mtoto mdogo. Baba yake alikuwa na shamba na farasi wa mbio, na huko mazizini ndiko binti alikosomea. Mali ya baba ilipoharibika, mzee akaenda kutafuta maisha nchini Peru. Binti, ambaye alikuwa hajatimiza miaka ishirini, akabaki Kenya, akashika njia ya Molo na farasi wake Pegasus, akaanza kuwafunza farasi wa watu wengine kwa malipo. Alipata leseni, na baadaye farasi wake wakashinda mashindano makubwa ya nchi. Wengi humkumbuka kwa sababu ya ndege, maana mwaka 1936 aliivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi. Lakini alirudi kwenye farasi, akashinda Derby ya Kenya mara kadhaa, akafariki Nairobi mwaka 1986.

Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1942 yumo mtu mwingine ambaye wasomaji wa kwetu wangependa kumjua zaidi. Huyo ni arap Ruta, aliyeitwa Kibii utotoni, mwana wa arap Maina. Alicheza na Beryl huko Njoro, na walipokuwa watu wazima alimfuata katika kazi ya farasi. Mengi aliyoyajua bibi yule, Ruta naye aliyajua, kwa kuwa walijifunza pamoja. Ila desturi ya mashindano, wakati ule na hata leo, ni kwamba orodha huchapa jina la farasi, la mwenye farasi, la mkufunzi na la mpandaji. Jina la saisi halimo. Kwa hiyo ushindi alioutolea jasho huhesabiwa kwa mwingine, na mwenye farasi mpya anayetafuta mkufunzi hawezi kumjua.

Hapo ndipo penye shida ya kweli kwa kijana wa Riruta. Ujuzi ataupata bandani. Kujulikana hakupatikani bandani. Sharti akutafute kwa njia nyingine, huku mshahara ukiendelea kuingia.

FEDHA ZA MIAKA YA KUNGOJEA

Wengi huharibikiwa kwa haraka. Mtu hupata mwenye farasi mmoja wa kumwamini, akaacha kazi siku hiyo hiyo, akajiita mkufunzi. Farasi wa mbio ana uzito wa kilo 450 au 500, na kila siku hula kiasi cha kilo 10 za nyasi kavu na nafaka. Farasi wawili, basi, hula kiasi cha kilo 600 kwa mwezi. Tena yuko saisi wa kulipwa, kwa kuwa mkufunzi hawezi kuwa mahali pote, yuko mpiga viatu, ambaye huhitajiwa kila baada ya majuma matano au sita, yuko daktari, iko kodi ya banda. Gharama zote hizi hutoka kabla ya malipo ya mwenye farasi kuingia. Mwenye farasi akichelewa kulipa, farasi hachelewi kula. Na akiudhika, huweza kumwondoa mnyama wake kesho asubuhi, akamwacha mkufunzi na deni la nyasi.

Mwaka 2020 jambo hili lilionekana wazi kwa watu wote. Maradhi ya korona yalipoingia Kenya mwezi wa Machi, mashindano yalisimamishwa. Zawadi zikakoma, lakini matumbo ya farasi hayakukoma.

Afadhali, basi, kijana asiuache mshahara wake mpaka farasi anaoahidiwa wawe wa kutosha kuwalipia wote wanaofanya kazi, na awe na akiba ya chakula cha miezi mitatu walau. Wakati wa kungojea ziko kazi ndogo ndogo zinazolipwa mbali na mshahara, bwana wake akimruhusu, nazo hulitangaza jina lake. Kumzoeza farasi mchanga lijamu na tandiko kwa mara ya kwanza ni kazi ambayo wengi huiogopa, na aifanyaye kwa upole bila kumharibu mnyama hutafutwa. Iko pia kazi ya kumbadilisha farasi aliyestaafu mbio. Huyo amefundishwa jambo moja tu, kukimbia, na sharti afundishwe upya kusimama, kugeuka na kumvumilia mtoto mgongoni, ndipo aweze kuuzwa kwa wenye kufundisha watu kupanda farasi. Farasi mmoja wa namna hiyo, akionekana ametulia mbele ya watu wa Karen, humtangaza aliyemfundisha kuliko barua kumi.

Wala asijifunge uwanja wa mbio peke yake. Katika Jamhuri Park, upande wa Kibera, iko klabu ya polo ya Nairobi, na farasi wa polo huhitaji watunzaji kama wale wa mbio. Karen na Langata yako mazizi ya farasi wa kupanda. Polisi wa kuzuia wizi wa mifugo, ambao makao yao ni Gilgil, hutumia farasi. Kwa mtu asiyeogopa vitabu, Kabete si mbali na Kawangware. Huko chuo cha AHITI hufundisha afya ya mifugo, na cheti chake hufaa popote palipo na mnyama. Wako pia wanaovutwa na mazizi makubwa ya Dubai na nchi jirani zake. Huko fedha zipo, lakini yeyote aitwaye na wakala na ahakikishe kwanza kwamba wakala huyo amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mkataba ausome kabla ya kutoa hata shilingi moja.

KARATASI ZISITUPWE

Makarani watalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba ulioandikwa. Yataka tena kwamba mtu aliyetumika majuma manne mfululizo au zaidi, akiondoka apewe cheti cha utumishi chenye jina lake, jina la mwajiri, siku ya kuanza, siku ya kumaliza na aina ya kazi aliyoifanya. Lakini sheria haimlazimishi mwajiri kuandika sifa za mtumishi. Cheti kitasema ulikuwa saisi. Hakitasema ulikuwa saisi hodari. Barua ya sifa huombwa kwa adabu, na wakati wa kuiomba ni pale mkufunzi na saisi wangali wanapatana, si siku ya ugomvi. Barua hiyo iwataje farasi kwa majina yao na kazi ambayo saisi aliifanya kwa kila mmoja, kwa sababu wenye farasi husahau watu upesi lakini majina ya farasi hawayasahau.

Farasi hupiga teke, huuma, huangusha watu. Sheria nyingine ya mwaka 2007, ile ya fidia kwa waumiao kazini, humtaka mwajiri awakatie watumishi wake bima. Kuuliza habari ya bima kabla ya kupanda mgongoni si utovu wa adabu, na jibu lake humwonyesha kijana ni mwajiri wa namna gani aliyempata.

Mwenye kutoa leseni ya ukufunzi ni Jockey Club ya Kenya, ambayo ofisi yake iko pale pale uwanjani. Masharti yaulizwe huko, wala yasisikilizwe katika maneno ya barazani. Wasichana nao wasidhani kwamba lango hili si lao. Mbali na Bibi Markham, Patsy Sercombe amekuwa mmoja wa wakufunzi walioshinda sana katika uwanja wa Ngong.

Anayetaka kuomba kazi asiende Jumapili. Siku hiyo mkufunzi ana wageni, ana wenye farasi wa kuwaridhisha, na akili yake iko kwenye saa ya kuanza. Aende siku ya kazi, mazoezi yakiisha, farasi wakiwa wamekwisha oshwa na watu wanakunywa chai. Avae viatu vilivyofungwa, asipaze sauti, na asimguse farasi yeyote kabla ya kuruhusiwa. Akiambiwa hakuna nafasi, aulize kama aweza kuja siku tatu kusaidia kutembeza farasi waliotoka mazoezini, kwa sababu mazizi mengi hupungukiwa na watu ghafla, na anayeitwa kwanza huwa ni yule ambaye nyapara amekwisha kumwona akishika kamba.