Chapa, Nembo na Alama ya Biashara: Tusichanganye Mambo

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua wafasiri wa maandishi ya biashara siku hizi ni ile ambayo vijana wa mjini huiita "brandi". Vitabu vya mafunzo huwahimiza wenye biashara ndogo "wajenge brandi imara". Watumishi wa serikali huwaambia "wasajili brandi zao". Walimu nao huandika ubaoni pengine chapa, pengine nembo, pengine alama ya biashara, kana kwamba yote ni mamoja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba si mamoja, na kwamba kuyachanganya maneno haya si kosa la lugha tu, bali huweza kumpotezea mwananchi mali yake. Tutachukua mifano yetu kutoka Tukuyu na jirani zake, mahali ambapo jambo hili huonekana waziwazi.

Bidhaa bila jina, jina bila bidhaa

Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, ipo kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Udongo wa volkano na mvua nyingi huwapa wakulima wake ndizi, chai, kahawa, viazi na maparachichi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mazao haya hutoka wilayani bila jina. Mikungu ya ndizi hupakiwa katika malori, na ikifika sokoni Dar es Salaam mnunuzi hamjui mkulima. Chai nayo ina kisa chake. Kwa miaka mingi majani mabichi ya wakulima wadogo yalisindikwa katika viwanda vya Katumba na Mwakaleli, na chai ya Tanzania iliyopelekwa mnadani iliuzwa Mombasa, hata ulipoanzishwa mnada wa Dar es Salaam mwaka 2023. Chai ya mnadani huchanganywa na nyingine na kufungwa upya na mnunuzi, naye ndiye atiaye jina juu ya pakiti.

Huko Kyela mambo yamekuwa kinyume. Mchele wa Kyela unasifika nchi nzima kwa harufu na ladha yake, hata wachuuzi wa mijini huliazima jina hilo na kulipachika juu ya mchele uliolimwa kwingine. Basi Rungwe kuna bidhaa zisizo na jina, na Kyela kuna jina linalotembea bila bidhaa yake. Matatizo haya mawili hayana dawa moja, na mtu asiyeyatofautisha maneno hawezi kuzitofautisha dawa zake.

Maneno tuliyo nayo

Chapa ni neno lililotufikia kutoka lugha za Bara Hindi. Maana yake ya asili ni alama igandamizwayo juu ya kitu. Ndiyo maana tunasema kupiga chapa kitabu, na wafugaji hutia chapa ng'ombe wao. Kutoka hapo neno limehamia kwenye bidhaa: mnunuzi asiyejua kusoma aliweza kuitambua sabuni au kitambaa kwa picha ya mnyama iliyokuwa juu yake, akaomba dukani "chapa ya simba" au "chapa ya jogoo". Alichokiomba hakikuwa picha. Aliomba ubora alioujua, uliokuwa nyuma ya picha hiyo.

Nembo hapo kale ilikuwa chale za usoni au mwilini zilizomtambulisha mtu na kabila lake. Leo ni mchoro unaowakilisha nchi, chama, shule au kampuni, kama ilivyo Nembo ya Taifa. Kwa hiyo nembo ni kitu cha kuchorwa. Fundi aweza kuimaliza kwa siku moja.

Rajamu, neno lenye asili ya Kiarabu, limo katika kamusi za zamani kwa maana ya alama ya mtengenezaji au mfanyabiashara juu ya bidhaa. Ni neno zuri, lakini limefifia.

Alama ya biashara ni istilahi ya kisheria. Tanzania Bara inatawaliwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Alama iliyosajiliwa hulindwa kwa miaka saba ya kwanza, kisha usajili huweza kuhuishwa kwa vipindi vya miaka kumi kumi. Mwenye alama ana haki ya kumzuia mwingine asiitumie kwa bidhaa za namna ile ile.

Jina la biashara ni jambo jingine kabisa. Hilo ni jina ambalo mtu hulitumia kufanyia biashara iwapo hatumii jina lake mwenyewe. Husajiliwa chini ya sheria nyingine, ili umma ujue ni nani aliye nyuma ya duka au kiwanda. Usajili wote wawili hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, na kwa sababu ofisi ni moja, wengi hudhani hati nayo ni moja.

Alama ya ubora ni ile itolewayo na Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Hiyo hushuhudia kwamba bidhaa imetimiza kiwango kilichowekwa. Haimtofautishi mtengenezaji mmoja na mwingine, kwa kuwa wote waliotimiza kiwango huweza kuipata.

Lebo ni karatasi au maandishi juu ya kifungashio: jina la bidhaa, uzito, viambato, tarehe na mahali ilipotengenezwa.

Mfano wa unga wa ndizi

Tuseme kikundi cha akina mama karibu na Tukuyu kinakausha ndizi, kinazisaga, na kuuza unga katika mifuko ya kilo moja. Kikundi kimeambiwa "kisajili brandi". Kinakwenda, kinasajili jina la biashara, kinapewa hati, kinaitundika ukutani. Baada ya miaka mitatu unga wao umependwa, na mfanyabiashara wa mjini anatoa unga wake kwa jina lile lile. Akina mama wanatoa hati yao, nao wanaambiwa kwamba hati hiyo inaonyesha wao ni nani, lakini haiwapi miliki ya alama juu ya unga. Kosa halikuwa lao. Lilikuwa la yule aliyeyafasiri maneno mawili ya kisheria kwa neno moja la mtaani.

Tuendelee na mfano huo ili tuone ni jina gani lifaalo. Kikundi kikichagua "Unga wa Ndizi", jina hilo linaeleza bidhaa tu, na kila msagaji ana haki ya kulitumia. "Unga Bora" ni sifa, nayo ni ya wote. "Mbalaga" laonekana geni kwa mtu wa pwani, lakini Mnyakyusa atajua kwamba linataja ndizi za kupika, hivyo nalo ni la maelezo. "Tukuyu" peke yake ni mahali, na wenye mahali ni wengi. Lakini "Malafyale", yaani chifu kwa Kinyakyusa, halielezi unga wala ndizi. Kwa sababu hiyo hasa laweza kuutofautisha unga huu na mwingine, iwapo hakuna aliyetangulia kulisajili. Kanuni ya jumla ni hii: neno likielezea sana bidhaa, huwa dhaifu kama alama.

Chapa hujengwa, haisajiliwi

Hata hivyo kusajili si kujenga. Katika historia ya kanga kuna mfano ulio wetu. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa alizitia kanga zake maneno "Mali ya Abdulla", na wanunuzi wakazoea kuyatafuta maneno hayo kabla ya kutoa fedha. Maneno ni matatu, tena ya kawaida. Kilichoyapa nguvu ni kitambaa kilichofanana na ahadi yake, mwaka baada ya mwaka. Unga wa akina mama wetu ukiwa mweupe mwezi huu na mweusi mwezi ujao, au kilo ikipungua, hakuna mchoro utakaouokoa.

Tena chapa yaweza kukua hata ikamponyoka mwenyewe. Watu wengi huomba dukani "Colgate" wakapewa dawa ya meno ya kampuni nyingine bila kulalamika. Ndivyo ilivyo kwa "Kiwi", "Omo" na "Blue Band". Hapo jina la mtu mmoja limegeuka nomino ya kawaida ya watu wote. Mwalimu na mfasiri waandike dawa ya meno, dawa ya viatu, sabuni ya unga na siagi ya mimea, isipokuwa wanapoikusudia bidhaa yenyewe ya kampuni hiyo.

Mapendekezo

Utaratibu tuliouzoea wa kuunda istilahi hututaka tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe kabla ya kukopa. Hapa hatuna haja ya kukopa, kwa hiyo tunapendekeza matumizi yafuatayo:

1. Chapa: jumla ya sifa na imani ambayo wanunuzi wanayo juu ya bidhaa au mtengenezaji. Vitenzi vyake viwe kujenga chapa na kulinda chapa, wala si "kusajili chapa".
2. Alama ya biashara: alama ilindwayo kisheria. Hii ndiyo isajiliwayo. Rajamu ibaki kuwa kisawe chake katika maandishi ya fasihi na historia.
3. Jina la biashara: jina la mwenye kufanya biashara, si la bidhaa.
4. Nembo: mchoro tu.
5. Alama ya ubora: ushahidi wa kutimiza kiwango.
6. Lebo: maelezo juu ya kifungashio.

Ofisa anayemwandikia mwananchi barua au fomu ajiulize kwanza: je, ninamwambia huyu ajitambulishe, achore, asajili, apimwe, au aaminike? Kila kitenzi kina neno lake. Akilichagua sawasawa, mwenye unga atajua ni dirisha lipi la kugonga, na ni hati ipi ya kudai kabla hajaitundika ukutani.